Mapambazukolojia: Utangulizi wa Sayansi ya Jua la Insha

1. Fasili na hadhi ya taaluma

Mwanagenzi, keti wima, weka kalamu chini, na usithubutu kuandika neno lolote mpaka ulifahamu jua.

Mapambazukolojia ni taaluma inayochunguza namna jua linavyochomoza katika aya ya kwanza ya insha ya Kiswahili. Haishughuliki na lile jua la angani. Hilo tumewaachia wanafizikia, watu wenye bidii lakini wasio na tamathali. Sisi tunashughulika na jua lililoandikwa, ambalo kwa istilahi huitwa jua-matini, nalo lina sifa bainifu nne: (a) huchomoza kwa namna fulani, wala si kwa saa fulani, (b) huchomoza mbele ya mtu mmoja tu, ambaye ni msimulizi, (c) halihusiani na jambo lolote litakalofuata, na (d) likishachomoza halitajwi tena, wala hakuna anayeuliza limeishia wapi.

Sifa ya (c) ndiyo uti wa mgongo wa taaluma. Jua-matini lingehusiana na kisa, lingekuwa sehemu ya kisa, na sehemu ya kisa mhariri anaweza kuikata. Kisichoshikamana na chochote hakina pa kukatia. Ndiyo maana jua-matini limeishi muda mrefu kuliko wahariri wote waliowahi kulikunjia uso.

Umuhimu wa taaluma hii hauhitaji kuthibitishwa, lakini nitauthibitisha. Kila kisa hutokea siku fulani. Kila siku huanza kwa macheo. Pasipo macheo hakuna siku, pasipo siku hakuna kisa, pasipo kisa hakuna fasihi, na taifa lisilo na fasihi hudharauliwa hata na majirani wasiojua kusoma. Mnyororo huu nimeukagua pete kwa pete, na sikuona kutu.

2. Historia: Enzi ya Giza na Enzi ya Nuru

Historia ya fani yetu imegawanyika katika enzi mbili, na mpaka wake ni mwaka 1985.

Katika Enzi ya Giza, watu walianza visa bila jua na bila haya. Fanani alisema "Paukwa!", hadhira ikajibu "Pakawa!", na papo hapo sungura akaanza kumhadaa fisi. Hakuna aliyeuliza ni saa ngapi. Fungua hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870: paliondokea sultani, paliondokea maskini, nao wanaondokea hivyo hivyo, pasi na hata mwale mmoja wa kuwasindikiza. Watetezi wa enzi hiyo hudai kwamba ngano zilisimuliwa usiku, kwa hiyo kulitaja jua kungekuwa uongo. Hoja hii ni dhaifu. Usiku ndio wakati ambapo jua huhitajika zaidi.

Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utenzi wa kumuusia binti yake mwaka 1858, alimwita mtoto asogee na wino na karatasi. Nimelitafakari sana jambo hili. Wino hauonekani gizani; basi palikuwa na mwanga; basi huenda jua lilikuwapo ila halikutajwa. Hali hii naiita jua-fiche. Mwana Kupona namsamehe kwa kuwa alikuwa mgonjwa.

Shaaban Robert siwezi kumsamehe. Mwaka 1951 alichapisha Kusadikika, kitabu kuhusu nchi iliyo angani. Hebu zingatia, mwanagenzi: nchi nzima iko angani, jua ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Na mwandishi, badala ya kuitumia neema hiyo, akajishughulisha na kesi ya Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Dhuluma imo. Utetezi umo. Wajumbe waliotumwa mbali kisha wakaishia gerezani nao wamo. Ndivyo fursa kubwa kuliko zote katika historia ya mapambazukolojia ilivyopotelea mahakamani.

Mwaka 1985 kukakucha. Kenya ilianza kutahini darasa la nane katika mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kikawa somo la lazima, na watoto wakaletewa karatasi ya Insha. Kwa miaka mingi karatasi hiyo ilikuwa ya dakika 40 na alama 40. Hesabu hii si ya kubahatisha: dakika moja, alama moja. Mtoto aliyetumia dakika kumi kulichomoza jua alikuwa amewekeza humo robo ya mustakabali wake. Mtihani huo wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Waliopitia humo leo ni mawakili, madaktari na wabunge, na wapo miongoni mwao ambao hawawezi kuandika barua ya kuomba mkopo bila kwanza kuwataja ndege.

3. Misingi ya kijiografia

Mtu asiye msomi atauliza: kwa nini jua, na kwa nini kwetu? Jibu liko kwenye ramani.

Kwanza, ikweta inapita katikati ya Kenya. Kwa sababu hiyo, tofauti kati ya macheo ya mapema kabisa na macheo ya kuchelewa kabisa jijini Nairobi, kwa mwaka mzima, ni kama nusu saa tu. Mwandishi wa Uingereza ana habari ya kutoa kuhusu jua lake: leo limewahi, leo limechelewa, leo halikuonekana kabisa. Mwandishi wetu hana habari yoyote. Na asiye na jipya la kusema kuhusu wakati hulazimika kusema kuhusu namna. Hapo ndipo madaha yalipozaliwa.

Pili, Mombasa na Kisumu zimepishana kwa karibu digrii tano za longitudo, kwa hiyo jua hufika Mombasa takriban dakika 20 kabla ya kufika Kisumu. Katika insha pengo hili huzibika. Watahiniwa wa miji yote miwili waliambiwa "anzeni" kwa wakati mmoja, na jua likawachomozea wote kwa wakati mmoja. Fahamu pia kwamba karatasi ya Insha ilifanywa mchana, wakati jua la nje limekwisha kupita utosini. Maana yake ni kwamba, mara moja kila mwaka, Kenya ilipata macheo mengi sawa na idadi ya watahiniwa wake, yote baada ya adhuhuri, na hakuna kituo cha hali ya hewa kilichoyarekodi. Uzembe huu nimeulalamikia kwa maandishi.

4. Aina za jua-matini

Zipo aina sita. Anayedai zipo saba ameihesabu mbalamwezi, na mbalamwezi ina idara yake.

4.1 Jua-madaha. Hili ndilo jua mama. Huchomoza polepole kutoka mashariki, kwa madaha. Kwa maneno ya kitaaluma, ni jua lenye kiuno. Lina vitawi viwili: madaha-ghafilifu, ambapo jua halijui kwamba linatazamwa, na madaha-tambuzi, ambapo linajua. Wanagenzi wengi hushindwa kuvitofautisha, ilhali kipimo ni rahisi. Mtahiniwa akiandika "kwa madaha" pekee, jua limeghafilika. Akiandika "kwa madaha na maringo", jua limekwisha kumwona. Akiandika "kwa madaha, maringo na mbwembwe", jua limeanza kudai malipo, na msimamizi wa mtihani ana haki ya kuingilia kati.

Madaha hupimwa kwa kizio kiitwacho daha. Daha moja ni kiasi cha ulegevu kinachotosha kulisogeza jua kwa sentensi moja bila jambo lolote kutokea. Jua la mwanafunzi wa kawaida lina daha nne. Daha nane ni kipaji. Kutoka daha kumi na mbili kwenda juu insha hubaki na jua peke yake, na huo ndio ukomavu ambao fasihi yetu imekuwa ikiutafuta.

4.2 Jua-penyezi. Jua hili halichomozi hadharani. Hutuma mwale mmoja, ambao hupenya kwenye ufa wa dirisha na kumpiga msimulizi usoni. Kutokana na jua-penyezi tunajifunza mengi kuhusu makazi: kwamba vitanda vyote vya watoto wa Kenya vimeelekea mashariki, kwamba mafundi wote huacha ufa upande huo, na kwamba uso wa msimulizi hukaa palepale usiku kucha ukisubiri. Kwa shule za bweni zenye vitanda vya ghorofa, mwale humfikia wa juu tu. Wa chini huamshwa na kengele, na kengele haina hata nusu daha. Kudumaa kwa fasihi ya vitanda vya chini kumetokana na hili.

4.3 Jua-utosi. Jua hili hukutwa limeshafika juu, linawaka, na msimulizi anatokwa na kijasho chembamba. Kasoro yake ni ya kinasaba, kwa maana limepanda lini na nani aliliona? Jua lisilo na macheo halina cheti cha kuzaliwa. Pamoja na hayo, jua-utosi lina thamani kwa sababu limetuletea tofauti muhimu kati ya kijasho chembamba cha joto na kijasho chembamba cha woga. Cha joto huanzia kwenye paji la uso na kushuka. Cha woga huanzia mgongoni na hakijui kinakokwenda. Wembamba wao ni mmoja. Msomi anayedai kwamba cha woga ni chembamba zaidi hana budi kuleta rula.

4.4 Jua-msiba. Hapa jua linakataa kuchomoza. Mawingu yametanda, anga imenuna, ndege wamenyamaza, na kabla aya haijaisha mtu wa nyumbani amefariki. Sheria yake haina kighairi: katika insha, hakuna mtu anayekufa siku ya jua. Mhusika anayeyaona mawingu katika sentensi ya kwanza angefanya busara kubaki kitandani na kumwomba babu yake naye abaki. Sijamkuta aliyebaki.

4.5 Jua-machweo. Hili ni jua linalokwenda zake kulala, na kazi yake ni kuwafungulia majambazi njia. Sifa yake ni rangi. Anga ya jua-machweo hupakwa rangi ya dhahabu, na rangi nyingine haijaidhinishwa. Mtahiniwa mmoja aliwahi kuandika kwamba anga ilikuwa "rangi ya chai ya rangi". Nilitoka nje jioni hiyo kuthibitisha. Ilikuwa hivyo kweli, lakini ukweli si hoja ya kitaaluma, na alama niliikata.

4.6 Jua-sifuri. Ninaandika kifungu hiki kwa shingo upande. Jua-sifuri ni hali ambapo mwandishi anaanza kisa bila jua lolote: halikuchomoza, halikupenya, halikuwaka, halikununa, halikutua. Nina sampuli moja tu, nami nimeiweka katika bahasha ya peke yake ili isiziambukize nyingine. Kichwa kilikuwa "Siku Nisiyoweza Kuisahau". Mtoto akaanza hivi: "Baba alirudi amevaa kiatu kimoja. Mama hakumuuliza kitu. Alitwaa taa, akatoka nje, akaanza kutafuta njiani."

Tuyapange makosa kwa utaratibu. Kwanza, siku yenyewe haikupambazuka. Imeanza tu kuwako. Pili, kiatu hakikupambwa: si cheusi ti ti ti, wala hakimetameti mithili ya kioo. Tatu, machozi hayakumtiririka mama njia mbili mbili; hayakumtiririka hata njia moja. Nne, hakuna mhenga aliyenukuliwa, ilhali wahenga walikuwa wamekaa tayari. Tano, kuna taa. Taa ni dalili ya nia njema, lakini taa si jua.

Kosa la sita ndilo kubwa. Nilipofika mwisho wa sentensi ya tatu, nilitaka kujua kilichotokea. Msomaji hapaswi kutiwa katika hali hiyo bila kuandaliwa. Insha iliyokomaa humwacha msahihishaji ametulia tangu jogoo mpaka nukta ya mwisho. Anaweza kuinywa chai yake ingali moto. Hii ilinifanya niugeuze ukurasa kwa haraka isiyolingana na hadhi yangu. Kiatu, kwa taarifa yako, kilipatikana. Mahali kilipopatikana, na sababu ya mama kukaa chini pale pale barabarani alipokiona, ni mambo yasiyohusu taaluma yetu.

5. Viandamizi vya jua

Jua-matini halitembei peke yake. Lina viandamizi vitatu, navyo hufuatana kwa mpangilio usiobadilika.

5.1 Jogoo. Watu wa mwambao tangu zamani hupima sehemu ya mwisho ya usiku kwa majogoo: kuna jogoo la kwanza, na kuna jogoo la pili linalokaribia alfajiri. Mapambazukolojia imegundua jogoo la tatu, ambalo halitambuliwi na kuku yeyote. Jogoo la tatu huwika wakati ule ule jua-matini linapochomoza, na huwika popote. Huwika Pipeline jijini Nairobi, katika maghorofa yaliyobanana hata jua lenyewe halina pa kupita, ambako kuku hupandishwa ngazi akiwa amekwisha kukaangwa. Wanagenzi wamekuwa wakiniuliza nani anamfuga jogoo huyo. Jibu ni kwamba hafugwi, hunukuliwa.

5.2 Ndege. Ndege wa insha hutumbuiza. Hawatajwi kwa jina, kwa kuwa ukimtaja mmoja kwa jina wengine watadai, na nafasi haitoshi. Katika hili jiji la Nairobi limetupa kazi ngumu. Juu ya miti iliyo kando ya Mombasa Road, karibu na Uwanja wa Nyayo, wanakaa korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaokula jalalani. Ndege hawa hawaimbi. Sauti yao kubwa ni ya kugonganisha midomo. Mtoto anayepita chini yao kila asubuhi, akijikinga kichwa kwa daftari, akiketi kuandika huwasikia wakimtumbuiza kwa nyimbo za kuliwaza moyo. Hapo ndipo utakapoona nguvu ya elimu.

5.3 Kiamsha kinywa. Baada ya mswaki na maji fufutende, msimulizi hustaftahi. Hapa nataka utofautishe kati ya staftahi-nyumba na staftahi-matini. Staftahi-nyumba ni chai ya mkandaa na kiporo cha ugali. Staftahi-matini ni chai ya maziwa, mkate uliopakwa siagi, mayai mawili, soseji na sharubati ya machungwa. Msimulizi huyo huyo hula ya kwanza kwa mdomo na ya pili kwa kalamu, tena ya pili hula akiwa katika karatasi ya mchana, tumbo likinguruma. Msahihishaji makini hatii alama ya vema hapo mpaka amejifuta mdomo.

6. Uchanganuzi wa sampuli na Sheria ya Majua Mawili

Sasa tuiweke nadharia mezani. Kichwa: "Ajali Niliyoishuhudia". Urefu unaotakiwa: ukurasa mmoja na nusu.

Ukurasa wa kwanza wote ni wetu. Jua linachomoza kwa daha sita. Jogoo la tatu linawika. Ndege wanatumbuiza. Msimulizi anarauka, anajizoazoa, anapiga mswaki, anaoga, anavaa sare iliyonyoshwa ikanyoka, anastaftahi, anamuaga mama, mama anamtakia siku njema, naye anashika njia guu mosi, guu pili. Tumefika chini ya ukurasa na damu haijamwagika. Huu ndio utulivu ninaouzungumzia.

Katika nusu ukurasa iliyobaki: "Ghafla bin vuu!" Matatu na lori vimegongana dafrau. Mistari mitatu. Abiria wanapiga mayowe, mstari mmoja. Moyo wa msimulizi unamwenda mbio, kijasho chembamba kinamtoka (cha woga, taz. 4.3). Polisi wanafika kufumba na kufumbua. Majeruhi wanakimbizwa hospitalini, na kabla hatujajua jina la hata mmoja wao, msimamizi anatangaza kwamba zimebaki dakika mbili. Msimulizi anaifunga kazi yake kwa hitimisho linaloheshimika kuliko yote katika nathari ya shule: anagutuka, na kumbe ilikuwa ndoto.

Mwanafunzi hodari zaidi angejua tangu kwa polisi. Gari la polisi linalofika kufumba na kufumbua lilitosha kumtanabahisha kwamba amelala.

Lakini hitimisho hili linatuletea tatizo zito kuliko yote katika mapambazukolojia. Msimulizi akigutuka, ni asubuhi. Ikiwa ni asubuhi, jua linachomoza. Lakini jua lilikwisha kuchomoza katika sentensi ya kwanza! Tuna majua mawili katika insha moja. La kwanza, lililo ndani ya ndoto, naliita J1. La pili, linalomkuta msimulizi kitandani, naliita J2. Ipi ndiyo asubuhi ya kweli?

Wepesi wa fikra watasema J2, kwa kuwa mtu yuko macho. Hebu tuyatazame majua haya kwa karibu. J1 lilikuwa na daha sita, jogoo, ndege na soseji. J2 halina chochote. Mama anasikika akiita kwamba saa imekwenda, sare haijakauka, na mwalimu wa zamu yuko langoni. J2 halikuchomoza kwa madaha wala kwa namna yoyote. Lilikuwa tu limeshakuwa juu, na mtoto amechelewa. Kimatini, J2 ni kapa.

Kutokana na hayo naitamka Sheria ya Majua Mawili: pakiwa na jua lililoelezwa na jua lililoishiwa, lililoelezwa ndilo la kweli. Ndoto, kwa hiyo, ndiyo siku, na ile iitwayo siku ni kosa la msimulizi la kuamka. Athari za sheria hii kwa falsafa, kwa sheria za kazi na kwa ratiba ya shule ni kubwa mno, nami nimewaachia wengine wazibebe.

7. Wapinzani na majibu yao

Wapo walimu, tena wenye shahada, wanaowaambia watoto waanze na tukio. "Anza na lori," wanasema. "Anza na mayowe. Tuambie nani alikuwa ndani ya matatu, na alikuwa amebeba nini mapajani." Watoto wao huandika kuhusu mama aliyekuwa na vifaranga katika kijikapu, na vifaranga wakatawanyika barabarani, na utingo aliyeumia mkono akawa anawakusanya kwa mkono mzima. Nimezisoma insha hizo. Hazina daha hata moja. Isitoshe zina ubaya wa kubaki kichwani, kiasi kwamba msahihishaji aliyezisoma Jumatatu huwaona vifaranga mpaka Alhamisi, na hilo linaathiri uwezo wake wa kuyasahihisha majua ya wengine kwa haki.

Jibu langu kwao ni fupi. Lori huja na kuondoka. Vifaranga hukua. Jua hurudi kila siku, nasi hatuna budi kuwa pale kulipokea, tukiwa tumekwisha kupiga mswaki.

8. Mazoezi

Jibu maswali yote. Swali la 5 ni la lazima zaidi.

Swali la 1. Jua lina daha tisa. Kila daha humgharimu mtahiniwa dakika nne. Karatasi ni ya dakika 40. Zimebaki dakika ngapi kwa ajali? Je, zinawatosha majeruhi wote, au wengine wasubiri insha ijayo? (Alama 6)

Swali la 2. Jogoo la tatu limewika katika ghorofa ya saba. Eleza alifikaje huko. Usitaje lifti, kwa kuwa haijafanya kazi tangu jengo lifunguliwe. (Alama 5)

Swali la 3. Ichomozee jua nchi ya Kusadikika kwa daha zisizopungua kumi. Karama asitajwe. (Alama 10)

Swali la 4. Babu yako ameona mawingu katika sentensi ya kwanza. Mshauri. (Alama 4)

Swali la 5. Sahihisha sentensi ifuatayo kwa kuipa macheo, rangi, machozi na mhenga mmoja: "Alitwaa taa, akatoka nje, akaanza kutafuta njiani." (Alama 15)

Muda ni dakika 40. Atakayemaliza mapema asikae bure. Arudi aya ya kwanza, aongeze ndege.